Maji ya Gatumba Niliyoyalaza Siku Tatu

Nilikwenda Gatumba kwa sababu mdogo wangu Zaituna alikuwa ameezua nyumba yake akiogopa tetemeko, na kosa lilikuwa langu.

Kwa miaka mingi nilichota maji ya pampu ya mtaani kwake kwa ajili ya maabara moja ya mjini. Walipima radoni, gesi itokayo kwenye miamba, wakitaka kujua kama hubadilika kabla ya tetemeko. Gesi hiyo hupungua karibu nusu kwa siku nne, kwa hiyo chupa ilitakiwa kufika siku ileile. Mimi kila wiki nilichota Jumatatu, nikailaza kwangu Bwiza, nikaipeleka Alhamisi na kuandika kwenye daftari lao kwamba nimechota Alhamisi. Uvivu mtupu. Nilipostaafu, mwanamke aliyerithi kazi yangu akapeleka maji ya siku ileile, namba ikaruka juu. Mtu wa maabara akaivujisha kwenye simu, na watu wakahama nyumba zao.

Saa mbili asubuhi nilipita kwanza maabara, nikaungama kwa mkuu.

“Nyamaza, muzee,” akaniambia. “Utatuchafulia jina.”

Watu wanalala nje, yeye analilia jina. Nilitoka bila kuaga, nikapanda gari la Gatumba.

Saa nne nilimkuta Zaituna uwanjani, ameketi juu ya mabati yake.

“Kaka, umekuja kufa na sisi?”

Nikamweleza yote. Akanitazama sana.

“We ulilaza maji kwako kama mugeni, mi nikashusha mabati?”

“Ndiyo.”

“Basi apana kuniambia mi peke yangu. Twende pale pampu, wote wasikie.”

Pale pampu nilisema tena, mbele ya foleni ya watu na bidoni zao za kutekea maji.

“Kwa hiyo tetemeko haliko?” akauliza mama mmoja.

“Sijui. Hata anayepima vizuri hawezi kukutajia siku. Najua tu kwamba namba haikupanda. Yangu ndiyo ilikuwa chini.”

“Mvi zote hizo, chupa moja ikakushinda,” akasema mwingine. Wakacheka.

Alasiri fundi alirudisha mabati, mimi nikimpokeza kutoka chini. Misumari haikuangukia matundu ya zamani; kila bati likabaki limetoboka mara mbili. Zaituna alinisindikiza hadi barabarani, mkono hakunipa.

Jioni, nikishuka Bwiza, mvua ilianza. Nilichojifunza ni hiki: mimi nilidanganya kwenye daftari, mkuu akalinda jina, na anayelowa ni Zaituna.