Waliokula Sadaka Yangu

Mpira wa kuniletea hewa kutoka mtungini ulipasuka nikiwa chini ya Mto Nile, natafuta mlango wa lori lililoteleza kutoka kwenye kivuko na dereva wake ndani. Nikafanya nilivyofundishwa: nikafungua mikanda, mtungi na kila kitu vikaenda na maji, nikapanda juu nikitoa pumzi polepole. Dereva akabaki. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni, na sikuweza kumtazama.

Mama yangu, mjane wa askari huko Koboko, alichinja mbuzi wa kushukuru. Majirani waliposhika matonge akasimama na kutangaza, "Mtoto wangu ameacha maji. Nyinyi wote ni mashahidi." Wakaitikia amina. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni.

Lakini upande wetu hakuna mwingine wa kazi hii ya kuzamia, na mimi bila vifaa ni mtu wa kuoga tu. Nikazunguka mji wa Arua nikivitafuta. Muuza vifaa vya hospitali alinitolea kinyago cha oksijeni, akaniambia nikifunge kwa nguvu. Nilicheka mpaka akanuna.

Ndipo nikasikia kuwa Haji mmoja wa sokoni Koboko ana vifaa vilivyotoka kwa wazamiaji wa dhahabu wa Congo. Nilivikuta kweli, mtungi umejaa, mipira mipya. Haji akavifuta vumbi, kisha akavirudisha nyuma ya meza.

"Binti, kitu iko. Lakini mimi nilikula sadaka yako."

"Haji, ile ilikuwa ya kushukuru Mungu."

"Mama yako alisema umeacha maji, mimi nikasema amina. Nikiuzia wewe, hiyo amina iko ya nini?"

Hasira zilinipanda hadi kisogoni. Mdomo wa mama ulikuwa umenifungia soko zima! Nikaenda nyumbani nikipiga hatua kama naua siafu.

Nilimkuta akichambua maharage. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea.

"Mama, mimi pia naogopa," nikasema. "Lakini yule mama bado iko ukingoni. Hakuli. Mtoto yake iko ndani ya lori, na mimi najua mlango iko wapi."

Alimaliza maharage yote, akajitanda shuka, akatangulia njia ya sokoni.

Dukani aliomba karai la maji. Haji akadhani anataka kutawadha. Mama akakitwaa kifaa cha kupumulia kilicho mwishoni mwa mpira wa mtungi, akaniambia nifungulie hewa ajaribu mwenyewe, akakiuma, akazamisha uso mzima. Mapovu yakapanda. Haji akaanza kusoma dua. Nikaweka mkono mgongoni kwa mama, nikausikia ukipanda na kushuka, taratibu, na machozi yakanitoka palepale mbele ya wanunuzi.

Alipoinua uso, maji yakimchuruzika kidevuni, alimwambia Haji, "Mimi ndiye nilisema, mimi ndiye naondoa hiyo maneno. Mpatie."

Haji akaniangalia, akamwangalia mama, akaanza kutafuta gunia la kufungia.

"Na wewe," mama akanigeukia, bado amekishika kifaa kwa mikono miwili, "kesho tunaenda pamoja. Nitabeba chai. Wewe utaingia kwa maji, na mimi nitakaa na yule mama, tungoje watoto yetu."