Mama wa Beseni, Njiapanda ya Buswelu

Ukicheka, cheka tu, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mwanza, tena mchana kweupe.

Kazi yangu ni kutazama njiapanda. Tulifunga kamera juu ya nguzo, barabara ya kwenda Buswelu, tujue watu wanagongwaje pale. Kila anayepita, awe dereva, bodaboda au mwenda kwa miguu, kompyuta inamchorea mstari nyuma yake. Hata mbuzi anachorewa.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, muuza dagaa, beseni kichwani. Anavuka, mstari hakuna. Wala magari hayampunguzii mwendo, yanapita kama pale hapana mtu. Nikasema kamera mbovu. Wewe ungesemaje?

Nikaenda kuikagua. Nikamkuta yule mama kando ya barabara, beseni liko chini, limefunikwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hebu nitwishe."

Nani anakataa kumtwisha mama mzigo? Bibi yangu, Msukuma, alitukataza kuokota chochote njiapanda, maana ndiko watu wanakotupa mikosi yao. Kutwisha hakukutaja. Nikainama, nikanyanyua. Niamini, halikuwa na hata dagaa mmoja.

"Pole, baba," akasema, machozi yanamtoka. Akavuka, na lori likafunga breki kumpisha.

Nilipovuka mimi, bodaboda nusura anivue kiatu, na shingo hakugeuza. Ofisini nikarudisha picha nyuma. Mama ana mstari, mimi sina.

Nimekwenda kwa padri, nimekwenda kwa mganga. Yule mama nimemsubiri pale mpaka nimechoka. Hajarudi, na ningekuwa yeye nisingerudi.

Nina binti, Neema, yuko darasa la pili, na shule iko ng'ambo ya barabara ile. Nilikuwa namvusha kila asubuhi. Kesho yake baada ya kulitwisha lile beseni, nikamshika mkono kama kawaida, gari likatujia moja kwa moja, nikamvuta tukaangukia mtaroni. Kwenye picha, mstari wake unakatika pale nilipomshika. Nilipomwachia, ukaanza tena.

Siku hizi anavuka peke yake, mimi namtazama kwenye kompyuta, roho juu. Ananiuliza kwa nini simshiki tena mkono. Namdanganya kwamba amekuwa mkubwa.

Juzi nimenunua beseni. Bado sijalitumia, ila sijui nitavumilia mpaka lini. Kwa hiyo mtu akikuomba umtwishe mzigo njiapanda ya Buswelu, angalia kwanza kama magari yanampisha. Yasipompisha, pita zako, hata ukiniona nalia.