Nyirinyiri ya Mkubwa

Diba Kanchoro alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1980, akakaribishwa na binamu yake Boru katika chumba kimoja mjini, mtaa wa Chechelesi, akaanza kutafuta ukarani. Miaka miwili aliandika barua za maombi mpaka kidole kikaota sugu. Majibu, yakija, yalikuwa "tutakujulisha." Nani alijulishwa? Si yeye. Ikafika hali ya kuliogopa hata lango la ofisi, na bado kila asubuhi alipiga shati pasi akaenda, kwa sababu kubaki kitandani kulimtisha zaidi.

Nyumbani, Sericho, waliuliza kwa kila dereva wa lori: ameandikwa kazi? Alijibu bado, bado, hadi neno lenyewe likamchosha. Siku moja akamtuma dereva awaambie ameandikwa. Alitaka tu wanyamaze, jamani, apumue.

Alisahau watu wake ni watu gani. Kwao, anayemlisha mwanao hashukuriwi kwa mikono mitupu. Mwezi haukuisha, mama yake, Kabale, akashuka kwenye lori la ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia kibuyu cha nyirinyiri. Alikuwa amechinja dume lake, nyama akaikausha, akaikaanga na kuihifadhi kwa samli.

"Hii ni ya mkubwa wako," alisema. "Nipeleke nimwombee dua."

"Leo ana mkutano, mama."

"Nitamngoja."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Diba ilielekea ofisi ile ya serikali aliyokuwa akiizunguka tangu Januari. Mama alitembea mbele, mwepesi kwa furaha. Kila hatua Diba alijiambia, mwambie sasa, na kila hatua akaiachia inayofuata.

Mbaabu, askari wa lango, alimwona kwa mbali.

"Kijana, wewe tena? Si jana nilikwambia hapa hakuna kazi?"

Kabale alimgeukia mwanawe. Akayatazama mashavu yaliyobonyea, akaviona na viatu vilivyoisha visigino. Diba aliona haya. Mama alimsogelea Mbaabu, akamtilia kibuyu mikononi, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Salaam aleikum. Hii nyama nilileta ya mkubwa. Sasa chukua wewe. Kesho mtoto yangu atakuja tena. Fukuza yeye polepole."