Sahani Isiyo na Ndimu

Kila mtu katika kinu cha nyuklia cha Ras Shamla alikuwa na kitu anachokiogopa. Mainjinia waliogopa umeme kukatika, walinzi waliwaogopa waandishi wa habari, na mkuu wa mafunzo ya dharura, Injinia Rauf, aliiogopa Mamlaka ya Udhibiti kuliko alivyomwogopa mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Haji Metwali, mpishi mkuu, aliogopa kitu kimoja tu. Aliogopa kwamba siku king'ora kitakapolia kwa kweli, mwanawe Haitham atasimama tu, kama mti.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Haitham alipokuwa na miaka kumi na miwili, mtungi wa gesi ulishika moto jikoni kwao, na ule moto ukadaka mkono wa gauni la mama yake, Fawkiya. Mtoto alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, ameshika ndoo iliyojaa maji. Hakuimwaga. Hakupiga hata ukelele. Alimtazama mama yake anaungua, macho yamemtoka, mpaka Metwali alipoingia mbio na blanketi. Fawkiya alipona, makovu yakabaki hadi kwenye kiwiko, na hakuna aliyewahi kumlaumu mtoto. Lakini Metwali hakuisahau ile ndoo.

Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka ishirini na saba, ana ndevu zilizochongwa vizuri, na kinu kizima kilimtegemea kwa dakika nane. Umeme ukikatika na mitambo ikagoma, yeye na wenzake wawili wa zamu walitakiwa wavae barakoa za hewa, wakimbilie chumba cha pampu, na kuifungua kwa mikono vali ya maji ya kupoozea. Ilikuwa vali kubwa, ya kuzungushwa na watu watatu. Wawili wangeweza, ila kwa taabu na kwa kuchelewa. Kuhusu kinachofuata baada ya dakika ya nane, kitabu cha mafunzo kilikuwa na ukurasa mmoja ambao Metwali aliusoma mara moja, akaufunga, na hakuurudia tena.

Mara mbili kwa mwaka wakaguzi wa Mamlaka walikuja kuliangalia zoezi la dharura, na moja kati ya hayo mawili lilipaswa kuwa la kushtukiza. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Mkaguzi alilazimika kuombewa kibali cha getini siku moja kabla, na karani wa vibali naye ni binadamu, ana mdomo. Tena hakuna Mmisri atakayekubali mtu asafiri saa nne kutoka Kairo, afike kwake, kisha aondoke na njaa, hata kama mtu huyo amekuja kumwandikia makosa. Basi Rauf aliteremka jikoni mwenyewe, akaufunga mlango.

"Haji, kesho tuna wageni sita. Njiwa."

"Wangapi?"

"Wawili wawili kila mtu. Na mimi sijasema kitu."

"Wala mimi sijasikia kitu, bwana mkubwa. Nimesikia njiwa tu."

Kwa hiyo lile jambo la siri, ambalo hata meneja wa zamu hakutakiwa alijue, mpishi alilijua tangu adhuhuri ya jana yake. Na Metwali alifanya ambalo baba yeyote mwenye roho nyepesi angelifanya. Chakula cha zamu kilipelekwa kwa kigari, kila sahani na jina lake. Kwenye sahani ya Haitham akaweka ndimu moja ya achari, ile ndogo ya manjano, iliyopasuliwa katikati. Haitham alikuwa haipendi tangu utotoni.

Jioni ile ya kwanza kijana alirudi nyumbani ananuna. "Baba, umezeeka? Umesahau kwamba mimi sili ndimu?"

"Sijasahau. Kesho funga viatu vizuri."

Hawakulizungumza tena. Mazoezi matano yakapita, na mara zote kikosi cha Haitham kilimaliza kwa dakika sita na nusu. Rauf akatundika cheti ukutani. Metwali alijua kwamba analofanya si sawa, tena alilijua vizuri, lakini alijiambia kwamba hajamwibia mtu. Amempa mwanawe usingizi wa usiku mmoja, basi.

Kisha akaja Nahid.

Alikuwa mkaguzi mpya, mama wa miaka hamsini hivi kutoka Damanhur, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alizungumza polepole kama mtu anayehesabu kete. Baada ya zoezi lake la kwanza, hilo la tano, alikula njiwa mmoja, akamgeuzageuza wa pili, kisha akaja jikoni kushukuru.

"Mungu akubariki mikono, Haji. Mama yangu naye alikuwa bingwa wa hawa. Ngano ya kuwajaza aliiloweka tangu jana yake."

"Hivyo hivyo, mama. Usipoiloweka, inabaki na moyo mgumu."

"Enhe." Nahid akavaa miwani. "Sasa mimi nimekuja kwa kushtukiza. Njiwa wako nani aliwaambia?"

Metwali alicheka, na alicheka peke yake. Kijasho chembamba kilimtoka mgongoni, kikakaa pale pale mpaka alipofika nyumbani.

Miezi minne ikapita bila neno. Halafu, Jumanne moja ya Machi, upepo wa vumbi ukivuma kutoka jangwani, Nahid akaingia jikoni saa nne asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameagiza njiwa. Alikuwa na barua ya kumruhusu kupita getini papo hapo, na mfuko wa plastiki wenye mikate ya maharage aliyoinunua njiani. Wenzake wawili walikuwa wamekwishaelekea jengo la zamu, na wa tatu alibaki mlangoni. Akavuta kiti, akaketi katikati ya jiko.

"Samahani, jamaa zangu. Simu zote hapa mezani. Hakuna anayetoka mpaka niseme."

"Na chakula cha zamu, mama?" Metwali aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kiende kama kawaida. Kitasukumwa na mwenzangu aliyeko mlangoni."

Metwali akaanza kupakua. Wali, kuku, bamia. Haitham alikuwa zamu. King'ora kingelia leo, na Haitham hajui. Alipofikia sahani ya mwanawe, mkono ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya achari, ukaifungua. Harufu ya ndimu ikapanda.

"Kuna mtu wa zamu anayekula ndimu?" Nahid aliuliza. Hakuwa na ukali wowote. Aliuliza tu, huku anamega mkate wake.

Metwali aliitazama ile chupa. Angeweza kusema ndiyo. Lakini yule mama alikuwa anamtazama, na ulimi wake ulimsaliti kwa woga.

"Hakuna," akasema. Akafunga kifuniko. Kigari kikaondoka.

King'ora kililia saa tano na dakika ishirini. Watu wa jikoni walifanya kama walivyofundishwa: gesi ikafungwa, madirisha yakafungwa, feni zikazimwa, wote wakajipanga ukutani. Metwali alikodolea macho saa ya ukutani. Dakika ya kwanza aliona ndoo. Ya pili aliona ndoo. Alimwona Haitham amesimama mbele ya kabati la barakoa, mikono imening'inia, macho yamemtoka vile vile. Sogea, mwanangu, alisema kimoyomoyo. Sogea hata hatua moja.

Dakika ya tatu mlango ulisukumwa kwa kishindo. Haitham alikuwa pale, barakoa imemning'inia shingoni, anahema, uso mweupe kwa vumbi.

"Baba, twende. Gari la mboga lipo nyuma, lina ufunguo. Tumpitie mama."

"Umeacha kazi?"

"Baba, si zoezi. Ni kweli." Kijana alikuwa karibu kulia. "Hukuweka ndimu."

Kalamu ya Nahid ilisimama. Miaka yote alimwogopea huyu asije akasimama kama mti, na kumbe alikuwa anamfundisha kukimbia. Siku yenye ndimu ni mchezo. Siku isiyo na ndimu ni mauti. Amemfundisha yeye mwenyewe, sahani kwa sahani.

"Nani yuko kwenye vali?"

"Shahin na Bahgat."

"Wanatakiwa wangapi?"

Haitham aliushika mkono wa baba yake, akamvuta.

"Nimekuuliza, wangapi?"

"Watatu."

"Rudi."

"Na wewe? Na mama? Baba, nakwambia ni kweli!"

Angeweza kumwambia kwamba ni zoezi. Neno moja tu, na kijana angeshusha pumzi, pengine hata angecheka. Metwali alilimeza lile neno. Alimshika mwanawe mabega, akamgeuza, akamsukuma nje kwenye vumbi, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Haitham aliupiga ngumi mara mbili. Kisha zikasikika hatua zake zinakimbia, na hakuna aliyejua zinaelekea wapi, mpaka redio ya Nahid ilipokoroma kwamba mtu wa tatu amefika. Vali ilifunguka dakika ya kumi na mbili.

King'ora kiliponyamaza, Metwali alikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, akasimulia yote. Njiwa, kigari, ndimu. Nahid aliandika bila kumkatiza.

"Haji, hili nikiliandika, mwanao anaondolewa kwenye kikosi. Huenda asirudi."

"Andika."

"Mbona hukumwambia kwamba ni zoezi?"

"Kwa sababu siku ile ya kweli sitakuwa na la kumwambia, mama."

Nahid alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akausukuma mfuko wake wa mikate kuelekea kwa Metwali. "Kula kidogo."

Ripoti ilitoka baada ya wiki tatu. Cheti cha ukutani kilishushwa. Rauf alihamishiwa ofisi isiyo na dirisha wala kazi, na Metwali akaachwa jikoni kwa onyo kali. Wakaguzi walipigwa marufuku kula chochote cha kinu, hata chai, na wale waliokuwa wamezoea njiwa walimlaani Metwali kwa muda. Haitham aliondolewa kwenye kikosi miezi sita, akapelekwa mafunzoni upya, huko ambako kengele zililia muda wowote, hata mtu akiwa chooni. Kwa siku arobaini hakumsemesha baba yake. Fawkiya aliwapakulia chakula kwenye meza moja, kila mmoja anatazama sahani yake.

Siku ya arobaini na moja kijana alinena. "Baba, tangu nianze kazi ile sijawahi kuogopa hata mara moja. Umeniogopea wewe. Ndiyo maana hofu ilipokuja siku ile, sikujua nifanyeje nayo."

Metwali alitaka kujitetea, lakini kila neno lililomjia lilikuwa la uongo. "Ni kweli," akasema. Fawkiya aliushusha mkono wa gauni juu ya makovu yake, akamwongezea kila mmoja wali.

Novemba Haitham alirudishwa kwenye kikosi. Metwali alidhani hofu yake ingepungua, na ikazidi. Zamani aliogopa siku mbili kwa mwaka. Sasa kila asubuhi ilikuwa siku hiyo. Alipakua sahani ya mwanawe, akaipitisha bila ndimu, na kigari kilipoondoka alibaki amesimama anakitazama mpaka kilipokata kona.

Wiki ya tatu, Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Haitham akiwa zamu, king'ora kililia.

Hapakuwa na mgeni. Nahid hakuwepo, wala gari la Mamlaka halikuonekana getini. Taa za jikoni zilikuwa zimezimika dakika moja kabla, na hazikurudi. Metwali alifunga gesi, akafunga dirisha, akaenda ukutani pamoja na wenzake. Mwanamke wa kuosha vyombo alianza kusoma dua kwa sauti.

"Haji, hili ni zoezi?" mtu alimuuliza.

"Sijui."

"Wewe si ndiye unayejuaga?"

"Sijui, nakwambia. Kaa ukutani."

Aliitazama saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ilipoingia ya tatu, macho yake yalihamia mlangoni, na hapo ndipo alipojijua kwamba yeye ni mtu dhaifu, maana nusu ya moyo wake ilitaka mlango ufunguke. Ilitaka kumwona mwanawe pale, anahema, yu hai, anasema tumpitie mama. Metwali alifumba macho, akamwomba Mungu kitu ambacho hakuwahi kufikiri baba anaweza kukiomba. Alimwomba mtoto wake asije.

Dakika ya tano ikapita. Ya sita. Vumbi lilikuwa linagongagonga dirisha, na kila lilipogonga alishtuka.

Dakika ya nane ilipotimia taa zilikuwa bado hazijawaka, na hakuna aliyewatangazia lolote. Mlango ulikuwa umefungwa vile vile; Haitham hakuwa amekimbia. Metwali aliinamisha kichwa, akalia kimya kimya, huku mgongo wake umeshikamana na ukuta kama alivyofundishwa.