Bwana Harusi Aliyeambiwa Arudi Kwao

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo bwana harusi wangu alifika mlangoni kwetu Ngamiani, mjini Tanga, akageuka, akaenda zake. Nakuona unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka mpaka mgongo unauma. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, makonge yana bei na harusi za Tanga zina makeke. Mume wangu, Mhina, alikuwa mkulima wa michungwa kutoka Muheza. Hali yake nyinyi leo mnalo jina lake. Juzi mjukuu wangu ametoka nalo hospitali, kaambiwa mwanawe ana usonji. Sisi jina hatukuwa nalo. Tulisema, "Ndivyo alivyo Mhina," basi. Hakukutazama machoni. Ukimuuliza habari za asubuhi atakupa habari za michungwa, aina moja baada ya nyingine, mpaka chai ipoe. Kelele zilimtesa kama moshi unavyotesa macho. Na uongo hakuujua, hata ule mdogo wa heshima. Siku ya kwanza kutuletea kapu la machungwa ya kuuza alimwambia mama, "Ya juu mazuri, ya chini yameanza kuoza." Mchuuzi gani huyo! Nilikuwa nyuma ya pazia, nikampenda hapo hapo.

Basi ndoa ikafungwa msikitini baada ya alasiri, akaletwa kwetu kwa matari, amevikwa joho zito. Nawe wajua mila zetu: bwana harusi akifika, wanawake wa upande wa mke humfungia mlango wakamfukuza kwa maneno matamu ya ukali, mpaka watu wake watoe pesa za kifungua mlango. Ni mchezo, na kila mtu huujua kwa kuona wenzake tangu utotoni. Mhina hakuwa mtu wa kujua jambo kwa kuona wenzake. Ilibidi aambiwe, na hakuna aliyemwambia.

Shangazi yangu Bi Riziki, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye Pongwe, nje kabisa ya mji, akapaza: "Humpati! Mtoto wetu hatumtoi! Rudi kwenu!"

Mhina akasema, "Haya." Akageuka.

Wapiga matari walikuwa wamenogewa, na wapambe walidhani mwenzao naye anacheza. Walipotanabahi, kifungua mlango kimetolewa, mlango uko wazi na bwana harusi hayupo.

Mimi nilikuwa chumbani nimefunikwa kanga, somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanahamisi, ubavuni. Nikasikia matari yananyamaza moja moja, kisha minong'ono: kamkataa, kamwacha mlangoni. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyesema kwa sauti, "Na atoe talaka leo leo, kabla ya magharibi. Hatutachekwa na mji mzima."

Wakatumwa wazee wawili nyumbani kwa mjomba wake Mhina, mtaa wa pili tu, alikokuwa amefikia. Wakamkuta uani, amelivua joho na kulikunja vizuri, anamenya chungwa huku machozi yanamtiririka.

"Nilimtaka sana," akasema. "Lakini wenyewe wamekataa."

Wakamweleza kuwa ule ni mzaha. Mmoja akamtolea methali: "Mwanangu, akufukuzaye hakwambii toka."

Mhina akafikiri. "Basi wao wameniambia toka, na hawanifukuzi?"

"Hawakufukuzi."

"Na nyie mwaniambia njoo. Ndio mwanifukuza?"

Wazee wakarudi peke yao, wakaeleza yote.

"Mwaona?" akasema baba mkubwa. "Aitwe shekhe."

Hapo somo yangu akainuka, akasimama mlangoni pa chumba. "Hebu ngojeni! Mtu kaambiwa arudi, karudi. Mngalimwambia aingie, angaliingia. Kosa lake li wapi? Nyie ndio mwasema msichokitaka, kisha mwamlaumu mwenye kuwasikia!" Kisha akanigeukia. "Na weye Mwantumu, wamtaka?"

Bibi harusi siku ile hasemi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kichwa hakisikiki huko aliko. Sema."

Nikajifunua. "Namtaka!" nikasema, nyumba nzima ikasikia. "Mpelekeeni maneno yangu kama yalivyo: mie Mwantumu, mkeo, nasema njoo. Mlango haufungwi. Matari hayapigwi. Na joho usivae."

Bi Riziki akashika kinywa. "Mwali kasema!"

"Kasema," somo akamjibu, "na mdomo kapewa na Mungu."

Mhina hakuchelewa. Alikuja kwa miguu, amevaa kanzu yake ya kila Ijumaa iliyolainika kwa kufuliwa, chungwa lake mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na bado alisimama kizingitini akauliza, "Niingie?"

Hakuna mwanamke aliyethubutu kutania tena. Nikaita kutoka chumbani, "Ingia!"

Vigelegele vikalipuka, Mhina akaziba masikio, chungwa likaanguka likabingirika chini ya kiti. Na ni Bi Riziki, Mungu amrehemu, yule yule mwenye sauti, aliyekuwa wa kwanza kuliona hilo. Akawanyamazisha wenzake kwa mkono, akaitoa leso mabegani akaipunga juu. Wote wakaiga. Leso nyekundu, leso za manjano, zinapepea nyumba nzima bila sauti, na watu wamebana vinywa kwa kicheko. Mhina akatoa mikono masikioni, akatazama, akacheka. Nimekwenda harusi nyingi, mwanangu, sijaona nzuri kama ile.

Tuliishi Muheza kwa raha mpaka alipotangulia. Si kwamba hatukukwaruzana. Mwanzoni, nikikasirika akaniuliza nina nini, nilimjibu kama wajibuvyo wake wengi: "Sina kitu." Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake kwenye michungwa. Nikabaki nimevimba kama andazi. Nikajifunza kusema, "Mume wangu, nimekasirika, kaa hapa." Akakaa. Naye alijifunza kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Wageni wakizidi, alitokea mlango wa nyuma kimya kimya, nami sikumwita mkorofi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na wangu alirudi kila mara na machungwa ya wageni.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijaaliwa mtoto wa namna hiyo, au mume, au rafiki, usimwachie akisie. Ukimpenda, mwambie kuwa unampenda. Ukitaka kutania, mwambie huu ni utani, mcheke pamoja. Kinachomuumiza masikio kinyamazishe bila kumwonea haya, na furaha haitapungua kwa kukosa kelele. Na ikiwa mtu huyo ni wewe mwenyewe, mwanangu, usirudi kwenu na machozi. Uliza.

Mola akunyoshee ulimi, akupe wenzi wa kukusubiri. Na kila utakaposimama kizingitini ukauliza, "Niingie?" asikose ndani mtu wa kukujibu, "Ingia."