Mwenye Kukimbia Alime

Mwalimu wangu wa kwanza, ambaye ndiye pia wa mwisho, alikuwa na kuku kumi na mmoja na mke mkali. Kuku nawataja mbele kwa sababu sisi wanafunzi tuliwahudumia wao kuliko vitabu. Huko kwetu kusini shule ilianza kwa kutafuta mchwa. Unavunja kichuguu, unajaza kifuu, unapeleka kwa vifaranga wa Mwalimu, ndipo unaruhusiwa kukaa chini usome. Aliyeleta mchwa wachache alichapwa kabla ya aliyekosa hesabu. Mimi kwa mchwa nilikuwa hodari, kichuguu chenye uhai nilikijua kwa kunusa.

Mwalimu akaona huyu ana mikono, akanipandisha cheo. Akanipa baiskeli yake niwe naiosha kila Ijumaa. Wenzangu wako ndani wanaimba irabu, mimi niko mtoni nasugua spoku kwa majivu. Sasa kutoka shuleni hadi mtoni njia ilikuwa na mteremko, na ukimpa mtoto mteremko na baiskeli usimwulize atafanya nini. Nilijifunza kwa wizi, mguu mmoja nimeupitisha chini ya lile bomba la katikati maana kwa juu sifiki. Nilipoacha shule, darasa la pili, nilikuwa najua kuandika jina langu na kushuka mlima bila breki. Ndiyo elimu yangu hiyo. Ukikuta humu maneno yamekaa upande, walaumu kuku.

Dar es Salaam nilikuja juu ya lori la korosho, nikashukia Kariakoo kwa dada yangu, chumba kimoja cha uani. Mumewe alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mgao, zile ofisi zilizokuwa zinaamua nani apate sukari na nani alambe kidole. Shemeji huyu simpendi, nasema mapema usije ukangoja nibadilike huko mbele. Lakini kweli isemwe, kazi ya mikate alinitafutia yeye. Nilipewa baiskeli nyeusi nzito kama maiti, sanduku la bati nyuma, na kila alfajiri natoka bekari napeleka mikate maduka ya Kariakoo hadi Mchikichini. Baiskeli ni ya bekari, ila matairi ni juu yako mwenyewe. Kumbuka hilo la matairi.

Jumapili tulikuwa tunashindana Jangwani. Usidhani mashindano ya kwenye lami na vijana wenye kaptura za kubana. Hii ilikuwa njia ya udongo, duara tumelichonga wenyewe pale bondeni, si mbali na klabu ya mpira, na waliokimbia ni watu wa baiskeli za kazi: wabeba mkaa, wauza barafu, mnoa visu mmoja mwenye miguu kama mitarimbo, na sisi wa mikate. Mizunguko kumi na tano. Tulikuwa wengi hadi tunagawanywa mafungu mawili. Wanawake waliuza mihogo pembeni na kututukana kwa jina la kazi zetu. "We mkate, mbona umedoda!" Ilikuwa raha.

Kila masika mto unapanda, unakaa juu ya ile njia, na ukishuka hukuti kitu, unakuta tope na sufuria za watu. Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja tu, hakuna aliyeiandika: mwenye kukimbia alime. Unakuja na jembe na debe, mnachonga njia upya. Kwenye mstari wa kuanzia hapakuwa na mkubwa. Waliolima siku nyingi walisimama mbele, wa siku moja nyuma yao, na asiyelima alikula muhogo akatazama. Mashimo tulijaza makumbi ya nazi, tunayazoa kwa wafua nazi pale sokoni, bure. Unayashindilia, unafunika udongo, na juu unachoma kijiti chenye kitambaa chekundu. Maana makumbi yakiwa mabichi ni kama godoro, gurudumu linazama. Kijiti kinakaa wiki nzima, kikiondolewa ujue pamekaza. Mtu yeyote wa Jangwani alijua: penye kijiti, zunguka.

Kilichoiua ile njia ni tairi. Zamani tairi ulinunua dukani ukachagua na rangi ya ukingo. Halafu zikaja zile nyakati maduka yanauza rafu tupu. Ukitaka tairi upite kwa balozi wa nyumba kumi, balozi aandike barua, barua iende kwenye kibali, kibali kikutume duka ambalo tairi ziliisha jana. Au umwone mlanguzi, akutajie bei ya ng'ombe. Watu wakaanza kufunga matairi kwa vipande vya mpira, mafundo juu ya mafundo, baiskeli inatembea kama mtu aliyebanwa na choo. Utashindana na hiyo? Mbeba mkaa akasema Jumapili napumzisha gurudumu. Muuza barafu mmoja naye. Mnoa visu akaninong'oneza, "Ndugu yangu, nikipasua tairi kwa mchezo, watoto nitawalisha kengele?" Nikamwita mwoga. Nilikuwa mjinga, lakini pia alikuwa mwoga.

Tulipobaki kumi hivi, Mwenyekiti wa mashindano akapata akili. Mwenyekiti alikuwa mwenzetu kabisa, muuza barafu, mikono imebabuka kwa baridi. Akapata nafasi kwenye tawi la chama, akapata kitambi, akaacha jembe. Akaleta utaratibu: asiyeweza kulima alipe. Kwanza shilingi chache, wakacheka, wakalipa. Msimu uliofuata ikapanda, na sisi tunaolima tukaambiwa nasi tuchangie, ya filimbi, ya viti, ya soda ya mgeni rasmi. Nikauliza filimbi gani hiyo inayokula kila mwezi. Akasema, "Ndugu, huo ni usemi wa kikabaila." Mimi, kabaila! Nalala kwenye mkeka wa dada yangu.

Wa kwanza kulipa badala ya kulima alikuwa shemeji. Zamani tulilima pamoja, jembe lake na langu, na alilima vizuri, sikatai. Siku hiyo kaja na shati la tetroni, hana hata debe. Nikamwambia, "Shemeji, jembe liko wapi?"

"Jembe nimemwachia mwenye shingo nene," akajibu. "Mimi siku hizi nalima kwa kalamu."

"Kalamu ya kupeleka bahasha?"

"Bahasha hizo hizo zimenivisha tairi mbili mpya. Wewe zako zina mafundo mangapi? Njoo nikuhesabie, maana nasikia hesabu uliwaachia kuku."

Watu wakacheka, na dada yangu akiwemo, kaja kuuza mihogo. Kicheko cha dada ndicho kilichoniuma. Yale ya kuku ni yeye aliyemsimulia mumewe, chumbani kwao.

Basi mwaka huo, msimu wa vuli, ikatangazwa kutakuwa na mgeni rasmi na zawadi. Zawadi ni tairi jipya na mpira wake wa ndani. Limetoka wapi, usiniulize, muulize aliyekula filimbi. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa bekari, mtu mmoja hajui kutabasamu hata mshahara ukitoka, aliniita. Mafundo ya tairi yangu yalikuwa yamekatika Mchikichini, mikate ikamwagika kwenye maji ya mtaro. Akasema, "Jumatatu uje na tairi zima. Ukija na hayo matambara, sanduku nampa mwingine. Wako kumi nje wanangoja." Na kweli walikuwa nje, niliwaona, wananitazama kama watu wanaongoja mgonjwa akate roho wapate kitanda. Kwa hiyo mwenzangu, wengine walikuwa wanashindania sifa. Mimi nilikuwa nashindania Jumatatu.

Ijumaa ikanyesha mvua kubwa. Jumamosi nikatoka kazini nikaenda Jangwani kutazama. Kona ya mtoni imekatwa mfereji, upande wa ndani, ule upande kila mtu anaoupenda kwa kuwa ni mfupi. Nikangoja wenzangu na majembe. Hakuna aliyekuja. Nikalima peke yangu. Nikaenda Kariakoo kuzoa makumbi mara tatu, gunia nyuma ya baiskeli badala ya mikate, nikajaza, nikakanyaga hadi miguu ikakataa, nikafunika udongo. Nikachoma kijiti na kitambaa chekundu. Nikarudi nyumbani nimechafuka, dada akaniambia nisikanyage mkeka. Shemeji alikuwa anapaka mafuta cheni yake, wala hakuinua uso.

Jumapili tulifika watano. Watano, kutoka mafungu mawili! Mgeni rasmi kakaa chini ya mwavuli na soda yake. Nikaenda kusimama mbele, mahali pangu, maana nani mwingine alikuwa amelima? Mwenyekiti akanishika bega.

"Ndugu, wewe nyuma."

"Nyuma kwa lipi? Nimelima jana peke yangu."

"Mbele ni kwa waliokamilisha mchango. Wako haujakamilika."

"Mwenye kukimbia alime. Umesahau? Ulilima hapa na mimi."

"Mambo yanabadilika, ndugu. Usitie aibu mbele ya mgeni."

Shemeji alikuwa mbele kabisa, mguu kwenye pedeli. Akageuka, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Shemeji, usihuzunike. Huko nyuma kuna kivuli."

Nikasema naomba nijisaidie kwanza. Nikaweka baiskeli chini, nikatembea hadi kona ya mtoni, kwenye majani. Sikujisaidia. Nilikichomoa kijiti, nikakisukuma ndani ya majani marefu, na kwa kisigino nikasawazisha tundu lake. Wapo watakaosema ni hasira zilinipanda, sikujua nifanyalo. Nilijua. Nilijua atakayetangulia kufika pale ni nani, na nilirudi kwenye mstari natembea taratibu kabisa.

Filimbi ikapulizwa. Shemeji akatoka kama amefukuzwa na nyuki. Alikuwa anajua kuendesha, nasema tena sikatai. Akaikata kona kwa ndani, upande mfupi, na gurudumu la mbele likaingia kwenye makumbi hadi kwenye ringi. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Wa pili akampanda mgongoni. Wa tatu na wa nne wakabana breki, wakaparamiana wakaenda chini. Mimi nilipita kwa nje, polepole, na mafundo yangu.

Mwenyekiti angesimamisha, lakini mgeni rasmi alikuwa amesimama anapiga makofi, nadhani alidhani ndivyo mchezo ulivyo. Wakamvuta shemeji pembeni ya kona, wakamkalisha. Wawili waliojikusanya wakanifuata, kwa kuchechemea. Imebaki mizunguko kumi na minne, na kila mzunguko unapita pale alipokaa.

Mara ya kwanza alikuwa ameinama, anatema damu. Mara ya pili dada yangu alikuwa amefika, anamfuta kwa kanga. Ya tatu, ya nne, anatazama mkono wake, umekaa vibaya kuanzia kwenye kifundo. Kufika ya sita hivi alikuwa hatazami mkono tena. Alikuwa anatazama ile kona, palipotimuka, makumbi yametoka nje kama matumbo ya godoro. Baada ya hapo akawa ananitazama mimi. Nikija ananitazama, nikipita anageuza shingo ananitazama. Lakini sikupunguza. Nilikuwa nahesabu tu, kumi, kumi na moja, nikisema moyoni Jumatatu, Jumatatu.

Nilishinda. Mgeni rasmi akanikabidhi tairi na mpira wake, akanipa na hotuba fupi juu ya kujitegemea. Tairi lilikuwa bado na vile vinywele vya kiwandani. Mwenyekiti akanisogelea, anatabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Hongera, ndugu. Jumapili ijayo tuitengeneze ile kona."

"Tuitengeneze na nani?"

Akageuka kuutazama mwavuli wa mgeni.

Ilikuwa lazima nipite kwa shemeji, njia ni hiyo moja. Dada hakuninyanyulia uso. Shemeji mdomo ulikuwa umevimba, maneno yanatoka kwa shida.

"Pale palilimwa jana," akasema.

"Palilimwa."

"Na wewe."

"Kuna mwingine anayelima?"

Akajifuta mdomo. "Mlimaji wa Jangwani hajazi makumbi bila kijiti. Mimi na wewe tumechoma vijiti hapa miaka mingapi?" Akainua ule mkono mzima, akaonyesha kona. "Kijiti kiko wapi, shemeji?"

Dada sasa akaniangalia. Alikuwa anangoja, na ungemwona ungejua anataka niseme nilisahau. Neno moja tu lile, nimesahau, na angelipokea.

Nikatupia tairi begani, nikashika usukani wa baiskeli ya bekari, nikapanda mlima kuelekea Kariakoo kwa miguu. Nyuma walikuwa wanaita, sijui dada, sijui Mwenyekiti. Sikugeuka, na kule bondeni sijarudi tena.