Kichaka Kitamu cha Mama Kudo

Mama Kudo Fumiyo nilimkuta amepiga magoti chini ya kichaka cha haskapu, bakuli limefungwa kiunoni, anachuma tunda mojamoja. Kabla ya salamu nilichuma langu nikatia mdomoni.

"Umeonja?" akauliza bila kugeuka.

"Nimeonja, mama."

"Basi umeshakula mali ya watu. Chuma na mengine, utie humu."

Nilikuwa nimevuka milima kwa ajili ya kichaka hicho kimoja. Haskapu ni tunda dogo la nchi ya baridi, na nyingi ni kali, humkunja mtu uso. Hiki kilizaa matunda marefu ya buluu, matamu bila sukari. Aliking'oa kwenye kinamasi cha Yufutsu alipokuwa bibi harusi, kabla mashine hazijafukia kinamasi kile ili bandari ijengwe. Alibeba mgongoni kichaka kimoja kimoja hadi vikatimia tisini. Mumewe alikuwa akimcheka: wenzako wanapanda mpunga, wewe unapanda kuni.

Sasa alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, na haskapu haimsubiri mtu. Ikiiva inaanguka. Mwanawe Takehiro alikwishamwambia kwamba matunda yakiozea chini tena, vichaka vyote vitang'olewa, shamba lipandwe soya.

Nikamwambia nataka matawi mia ya kupanda, nikataja bei.

"Pesa hazichumi," akasema. "Nipe watu wanne, siku kumi, kila mwaka."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Alinipa tonge la wali lenye haskapu ya chumvi ndani, nikala, sikulegea. Mwishowe alikubali wachumaji kwa msimu mmoja tu. Nilipokuwa nafunga matawi yangu, akaelekeza mkasi kwenye kichaka kingine kilichosimama kando yake.

"Kata na ya hiki. Bure."

Nikaonja tunda lake, nikatema. "Mama, shamba langu si jalala."

"Haya, tajiri. Nenda na utamu wako."

Mwaka wa tatu shamba langu lilichanua lote. Nyuki walijaa. Nikaagiza makreti mia mbili. Maua yakapukutika, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Mkulima mmoja alikuja kuangalia, akacheka hadi akakaa chini. Haskapu, alisema, haizai kwa chavua ya nduguye. Inataka kichaka cha ukoo mwingine karibu. Na mimi nilikuwa nimepanda kichaka kimoja mara mia.

Nikavuka milima tena. Safu mbili za Mama Kudo zilikuwa zimeshakuwa soya. Zilizobaki, Takehiro alikuwa amezifungia kamba nyekundu, zing'olewe baada ya mavuno. Kichaka kitamu kilikuwa na kamba. Kile kikali pia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia ukate. Ukanitukania kichaka."

"Haya, mama. Matawi ya kile kikali, bei gani?"

"Unaijua. Watu wanne, siku kumi. Kila mwaka nitakaokuwa hai."

"Na ukiishi miaka mia?"

"Utakuwa umepata hasara, mwanangu."

Nilijaribu kushusha wawe watatu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikamwita Takehiro, nikaandika mkataba wa watu wanne mbele yake. Alisoma mara mbili, akamtazama mama yake dirishani, akaenda kukata kamba.

Huu ni mwaka wa tisa tangu mkataba huo. Wachumaji wangu wanne wanakwenda kwake kila mwisho wa Juni, wakati ambao nami ninawahitaji sana, na yeye ana miaka themanini na tatu na meno yote. Vichaka vyake sabini vimesimama. Shamba langu linazaa. Lakini zamani, sokoni, haskapu tamu ilikuwa yake peke yake, na wanunuzi walikuwa wakimfuata. Siku hizi wanapita kwangu kwanza, kwa kuwa mimi nina nyingi na nauza rahisi. Hilo halikuwa kwenye mkataba wetu, na hajawahi kulitaja.